Siku Niliyomwaga Malewa ya Mama Mkwe

Niseme mapema kabla hamjaambiwa na wengine: hapa Nakaloke, kijijini kwetu karibu na Mbale, ukiuliza sokoni ni nani aliyempokonya mgeni chakula mdomoni, watakuonyesha nyumba yangu, na hawatakuwa wamedanganya.

Nilikuwa askari magereza Jinja mpaka nilipostaafu (ndiyo maana bado wananiita Afande), nikarudi hapa kwa mume wangu kulima karanga, na kikundi chetu cha wanawake kikanichagua mwenyekiti kwa sababu, walisema, mimi napenda amri. Amri zenyewe zilikuwa chache. Karanga zianikwe juu ya turubai, si kwenye udongo. Mtu asinyunyizie maganda maji ili yalainike wakati wa kubangua. Na zile zilizosinyaa, zilizovunjika au zenye vumbi la kijani zichambuliwe na kuzikwa, kwa sababu sumu ya ukungu hukaa humo na moto wa jiko hauiondoi. Hiyo ya mwisho ilituumiza kichwa, maana kwetu tangu zamani karanga nzuri ni za soko na mbovu ni za mchuzi wa nyumbani.

Basi akaja Bwana Waiswa, mwenye kiwanda kidogo cha siagi ya karanga kule Jinja, kuamua kama atachukua mavuno yetu yote au atatafuta kwingine. Asubuhi hiyo nilikuwa nimeshika ndoo ya karanga mbovu, naelekea shimoni, nikasikia honi ya gari lake, nikajiambia nitazika baadaye, nikaiacha ndoo nyuma ya mlango wa jiko nikakimbia kuvaa gauni langu la kitenge (jipya, na lilikuwa halijamaliza hata siku moja).

Nilimtembeza kila mahali. Akatafuna karanga moja, akatikisa kichwa kwa kuridhika, nami kichwa kikavimba, nikasimama mbele ya wenzangu nikatangaza: "Kwetu sisi, bwana, karanga mbovu haziingii hata kwenye chungu!" Wakapiga makofi.

Makofi hayajaisha, mama mkwe akaleta malewa, yale machipukizi ya mianzi ya mlimani yaliyokaushwa kwa moshi, yakiogelea kwenye mchuzi mzito wa karanga. Ule mchuzi ulikuwa mweusi kidogo. Nikamwinamia sikioni.

"Mama, karanga umetoa wapi?"

Mama mkwe hajui kunong'ona. "Si zile za kwenye ndoo! Ulizisahau, mwanangu, nikaziokoa."

Tonge la Waiswa lilikuwa limeshainuka kutoka sahanini, dereva wake alikuwa anapuliza lake, na sauti iliyonitoka haikuwa ya mwenyekiti, ilikuwa ya gerezani: "Simama! Weka chini!"

Wakaweka. Maskini Waiswa akasimama kabisa, mikono ubavuni, na dereva naye. Nikakusanya sahani, nikabeba chungu, nikaenda kumwaga vyote shimoni, mchuzi ukinichuruzikia kwenye kitenge, na mama mkwe nyuma yangu.

"Afande! Unamwaga malewa? Mimi nimekula karanga hizo tangu nilipoolewa, unaniona maiti?"

Nikapiga magoti palepale, mbele ya wageni. "Mama, hukukosea. Mimi ndiye niliyeiacha ndoo."

Akaninyang'anya chungu kitupu, akarudi nacho jikoni. Wageni walikula ndizi za matoke kwa chumvi. Wenzangu hawakuniangalia, nilijua wanafikiria soko la mavuno yetu linavyoondoka na lile gari.

Waiswa alipofika kwenye gari akageuka. "Afande, kila kikundi ninachotembelea kinanihubiria kuhusu karanga mbovu. Wewe ndiye wa kwanza kuninyima chakula." Nikaangalia chini. "Lori litakuja Jumatatu. Nitachukua zote." Akaingia, akachungulia dirishani. "Lakini siku hiyo nitakuja nimeshiba."

Vigelegele vya wanawake wale nadhani vilisikika mpaka Mbale, na kitenge changu chenye madoa sijakitupa, nakivaa kwenye mikutano makusudi. Ila nimeapa: honi ipigwe, wageni waje na msafara, shimo kwanza.

Siku hizi ndoo anaibeba mama mkwe mwenyewe, hamwamini mtu. Akimaliza kufukia anapita mlangoni kwangu, anakaza shingo na kupaza sauti majirani wasikie: "Simama! Weka chini!"

Nami nasimama.