Freha Ohana, Msomaji Aliyebishana na Kitabu

Saa mbili asubuhi, Freha Ohana anavua bangili zake, zisije zikalia kwenye kinasa sauti, kisha anafunga mlango wa chumba kidogo katika maktaba ya wasioona mjini Beer-sheba. Anafungua riwaya ya Kiebrania. Anasoma polepole, kama anayembembeleza mtoto, na jangwa linaingia chumbani taratibu, mithili ya usingizi.

Kwa miaka ishirini na mitatu, mama huyu wa miaka sitini na minne amewasomea wasioona vitabu zaidi ya mia tatu.

"Jangwa halikosekani humo," anasema. "Watumwa wanaingia, taifa linatoka. Manabii wanaliita siku za uchumba na Mungu. Nikisoma hayo naelea."

Majira ya baridi yaliyopita alikwama. Mhusika mmoja alishuka jangwa la Negev kutoka mjini, akabusu udongo, akatakasika. Freha akafunga kitabu. "Uongo mtupu!" alisema. Kinasa sauti kilikuwa kinaendelea, na hakuna aliyeyafuta maneno hayo.

Familia yake ilipofika kutoka Morocco, alikuwa na miaka minne. Waliahidiwa mji wa pwani. Lori likawafikisha Yeruham, katikati ya jangwa hilo, penye mabanda na vumbi.

"Baba alikataa kushuka. Kutwa nzima yuko juu ya lori na suti yake ya harusi, mama anampelekea chai. Hakubusu kitu."

Wiki moja baada ya rekodi kusambazwa, simu ililia. Alikuwa Gedalya Pinsker, msikilizaji wa miaka themanini na minane, asiyeona tangu utotoni.

"Binti, wewe ndiye uliyemwita mwandishi mwongo?"

"Binti gani, mzee? Nina wajukuu sita! Nisamehe, watanifukuza kazi."

"Akufukuze nani? Miaka yote nasomewa jangwa la watu waliokuja wenyewe. Nipe la aliyeletwa."

Freha alimsimulia huku analia.

Mkuu wa maktaba alimtaka arudie ukurasa ule, kisha akampa chumba kila Alhamisi arekodi simulizi yake mwenyewe. Sasa amefika pale baba aliposhuka.

"Alivua viatu kwanza, akashuka peku. Mpaka leo sijui aliiheshimu ardhi au aliogopa kuvichafua."

Mvua ya kwanza ikinyesha, atampeleka Gedalya ukingoni mwa korongo la Yeruham, asikie mafuriko yakisukuma mawe.

"Kila asubuhi ananipigia: 'Vipi, mawingu?' Namwambia, bado, mzee wangu, lakini upepo umegeuka."