Udi Kabla ya Kahawa

Kitu cha kwanza nilichokiona ndani ya boksi lile ni mguu wa mende. Mguu mtupu, bila ya mende mwenyewe, umenata kwenye gundi ya jalada na miba yake yote. Mwanangu kaliweka boksi juu ya meza ya jikoni, pale pale ninapokandia unga, anatoa santuri moja moja kama mtu anayetoa mayai chini ya kuku.

"Mama, tazama hii. Haipatikani tena duniani hii."

"Na mende walikuwa hawapatikani humu ndani mpaka leo," nikamjibu. "Liondoe kabla sijatapika."

Nnaandika haya kwa kuwa imeshaenea kwamba nimemfukuza mgeni nyumbani kwangu. Maskati ni kubwa, lakini sisi tuliotoka Unguja tunajuana mpaka kwa mapishi, na kila nyumba imeshaisimulia kwa namna yake. Huku wanasema bibi kaingiwa na wazimu wa uzee, kule wanasema kaona jini. Jini sikuona. Nilichokiona kilinitia kinyaa, na nitakisema kilivyo.

Mwanangu si kijana. Ana mvi, ana ofisi Al Khuwair, ana watu wanaosimama akiingia. Lakini alipokuwa Uingereza kusoma, ujana wake, alisikia kwenye chumba cha jirani santuri ya mtu wa Jamaika, na tangu siku hiyo kichwa chake hakijarudi mahala pake. Muziki wenyewe ni rege, ile waliyoiita densihol ilipokuwa ndiyo kwanza inaanza: chini ngoma nzito, juu mtu anaimba kama anayegombana na jirani. Huyo mtu wake hakuwahi kuwa mashuhuri. Alitia sauti santuri chache, wakaja wenzake wenye makelele zaidi, akasahauliwa, akarudi kwenye kazi yake ya kupaka rangi nyumba za watu. Wanaomtafuta leo ni wanaume wachache wenye vichwa vibovu, na mmoja lazima awe wangu.

"Mama, bora hizi," mkwe wangu aliniambia siku moja, ananituliza. "Wenzake wengine wanakusanya wanawake."

"Wanawake huoga," nikamwambia.

Maana santuri hizi hazijaoga. Zinatoka kwenye ghala za watu, zinatoka chini ya vitanda vya marehemu. Kila jalada lina alama ya mtu: duara la kikombe cha chai, kidole cha mafuta, pahala mtu alipopangusa pua yake akaendelea na shughuli zake. Jalada moja lilikuwa na unywele mrefu ndani, umejizungusha kuifuata santuri. Na harufu! Kama kanga iliyosahauliwa ndani ya ndoo. Naye mwanangu, mtu mzima, hulamba kidole ili alifungue jalada. Analamba! Kisha anakuja kunibusu kichwa.

Nilivumilia mpaka siku niliyomkuta anazisugua kwenye karo langu la vyombo, kwa brashi ninayopakia yai juu ya mikate. Brashi niliitupa. Yeye nikampa sharti: santuri zote zikae chumba cha uani, mlango ufungwe, na akitoka huko anawe mikono mpaka viwiko kabla hajagusa kitu changu. Akakubali. Mkewe akacheka, akasema, "Mama, umezitia eda." Nikamwambia eda ina mwisho wake, hizi hazitoki.

Santuri moja aliipenda kuliko zote, ile ya mwanzo kabisa ya yule mwimbaji. Alikaa miaka akiitafuta. Ilipokuja, aliipiga mpaka nami nikaijua nikiwa uani naanika nguo. Nikamuuliza, "Huyu analalamikia nini?"

"Anasema mama yake anafua nguo za watu mpaka maji yanageuka rangi ya majivu, na yeye atamjengea nyumba."

"Alimjengea?"

"Hakumjengea, Mama. Santuri haikununuliwa."

Nikarudi kwenye kamba yangu. Sisemi kuwa niliupenda wimbo. Nasema niliusikiliza tena.

Basi katika kuchakura kwenye simu, mwanangu akapata mpwa wa yule mwimbaji, na huyo mpwa akamfikisha kwa mjomba wake. Kumbe yu hai. Alasiri moja akaniletea simu sebuleni, ndani yake kuna mzee kama mimi, kavaa fulana, kakaa kwenye kiti cha plastiki barazani kwake, mguu mmoja umefungwa bendeji. Sukari. Kwao ilikuwa asubuhi, anakunywa chai. Na wakati anazungumza, kuku kapanda mezani, kaingiza kichwa ndani ya kikombe chake.

"Mwambie amfukuze kuku!" nikasema.

Mwanangu akaona haya, lakini akamwambia. Yule mzee akacheka, meno ya mbele hana, akamsukuma kuku kwa kiwiko, kisha akanywa ile ile chai. Nikageuza uso. Lakini salamu yake niliijibu.

Kisha yule mzee akaanza kusema pole pole, na mwanangu akaiinamia simu. Sijui Kiingereza cha kujivunia, ila uso wa mtu anayeomba naujua, na wa mtu anayeahidi naujua pia. Simu ilipokatika nikamuuliza.

"Anasema santuri zake mwenyewe hana hata moja. Nyengine aliwapa watu, nyengine zilikwenda na mafuriko. Wajukuu zake hawaamini kama aliwahi kuimba. Wanamwita mwongo."

"Si umempigia huo wimbo kwenye simu?"

"Nimempigia. Anasema simu inaweza kuimba chochote. Anataka waione ile karatasi ya duara ya katikati, yenye jina lake. Ile ya mwanzo."

"Nawe umesemaje?"

"Nimemwahidi, Mama. Nitampelekea."

Nikasema alhamdulillah, itapungua moja humu ndani.

Haikupungua. Nikawa namwona anaingia chumba cha uani, anaitoa, anaipangusa, anaitazama, anairudisha. Nikimuuliza, anasema anatafuta boksi zuri la kuipelekea. "Boksi!" nikamwambia. "Nyumba hii imejaa maboksi mpaka mende wanapotea njia." Akacheka kicheko kifupi kisicho na meno. Kisha zikaja khabari kwa yule mpwa kuwa mzee kalazwa, na mguu hauna hali nzuri. Mwanangu siku hiyo hakula chakula cha mchana. Lakini santuri ilibaki pale pale. Nikaanza kumwangalia mwanangu kama ninavyoyaangalia maziwa yaliyokaa nje: bado hujui, lakini pua inakwambia.

Hapo ndipo alipokuja mgeni.

Ni mtu wa kwetu, babu yake wa Unguja kama sisi, lakini yeye kazaliwa London na kukulia huko, sasa anafanya kazi nchi jirani. Naye anamkusanya yule yule mwimbaji. Alikuja na gari la kukodi, kabeba boksi kwa mikono miwili, akaingia majlisi na viatu vyake. Juu ya zulia. Nikavitazama vile viatu, akadhani navisifia.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba," nikasema. Viatu havikutoka.

Nikakaa, maana kwa umri wangu hakuna wa kuniambia niondoke, na mgeni ni kama jamaa. Halwa ikaletwa. Akala, akajilamba vidole, kisha kwa vidole vile vile akaiomba ile santuri aione. Akaitoa kwenye jalada, akaisogeza puani, akafumba macho, akaivuta harufu yake. Kuvu la watu! Anainusa kama mtu anayenusa kichwa cha mtoto mchanga. Nikaisukuma halwa yangu kando.

"Kaka," akamwambia mwanangu, "boksi zima hilo nimekuletea. Zote ulizokuwa ukizililia zimo. Chukua. Nipe hii moja tu."

"Hiyo nimeshamwahidi mtu," mwanangu akasema. Kwa sauti ya chini.

"Nani?"

"Mwenyewe."

Mgeni akacheka mpaka halwa ikampalia. "Mwenyewe! Kaka, mzee yule yuko kitandani. Hata mashine ya kuipigia hana. Akifa, wajukuu watalishia kuku juu yake." Akajisogeza karibu, akapiga goti lake kwa kiganja. "Tumia akili. Subiri kidogo. Mwache afe. Akishakufa dunia nzima itamkumbuka, kila mtu atamtaka, na watakaokuwa nazo ni mimi na wewe. Kufa kwake ndiyo kheri yetu, kaka."

Kwetu mgonjwa akitajwa, hata kama humpendi, husema Mungu amponye. Hata mtoto husema. Nikamngoja mwanangu aseme. Hakusema. Alikuwa analitazama boksi.

Nimeishi, nimeona uchafu. Nimeosha wagonjwa, nimeosha maiti, nimesafisha visivyosemeka. Mende na kuvu na unywele wa mtu nisiyemjua vilinitia kichefuchefu, lakini vile ni vya sabuni na maji. Uchafu huu hauna sabuni. Mtu kakaa juu ya zulia langu anamngoja mtu afe kama paka anavyongoja utumbo wa samaki, na wangu wa kumzaa hajui kama ajibu au anyooshe mkono.

Nikainuka nikaenda jikoni. Mkwe wangu alikuwa na birika mkononi, vikombe vimepangwa.

"Kahawa tayari, Mama."

"Iache. Nipe chetezo."

"Chetezo? Hata kahawa hajanywa, Mama!"

"Nimeona."

Akanitazama, akaweka birika chini, akanitilia makaa.

Asiyekulia kwetu huenda asijue. Udi ndio mwisho wa mazungumzo. Watu watakula, watakunywa kahawa, watacheka, watatetana, kisha chetezo kitapita na kila mtu atajifukiza nguo zake na kuaga. Baada ya udi hakuna kukaa. Kumtolea mgeni udi kabla ya kahawa ni kumtoa nje na kiu yake. Sijawahi kulifanya hilo, mama yangu hakulifanya, na nnawajua maadui waliokunywa kahawa zao vizuri kwetu.

Nikatia kipande cha udi mzuri, si ule wa kila siku. Sikutaka aseme nilimfanyia ubakhili. Nikaingia nao.

Na yule masikini wa malezi akafurahi! "Mashallah, bibi! Heshima kubwa hii!" Akafungua vifungo vya shati, akaupepea moshi kifuani, akajifukiza mpaka makwapani, kisha akarudi kukaa, akakunja nne, akachukua tonge jengine la halwa.

Nikabaki nimesimama na chetezo changu katikati ya zulia. Yeye sikumtazama tena. Nilimtazama mwanangu.

Yeye anajua. Kalelewa mkononi mwangu. Nilimwona rangi inamtoka usoni. Neno moja tu lingetosha: "Mama, kahawa kwanza." Angelisema hilo, udi wangu ungekuwa usahaulifu wa kizee, wangecheka wote, kahawa ingekuja, na santuri ya yule mzee ingetoka mlangoni kwa vidole vya halwa. Ningelikuwa na mwanangu bado, lakini nisingelimbusu kwa moyo mmoja.

Makaa yakapasuka ndani ya chetezo.

Kisha akainuka. Akakichukua chetezo mkononi mwangu, akamwinamia mgeni, akakipitisha mara ya pili mbele yake, taratibu, kwa adabu zote. Na hakukaa tena. Akasimama pale wima mpaka mgeni mwenyewe akaona kuwa anakula peke yake.

"Tumeshukuru kwa kuja kututazama," mwanangu akasema.

"Tunaondoka?"

"Wewe."

"Na santuri, kaka?"

"Ina mwenyewe."

Akabeba boksi lake. Viatu viliacha alama mpaka mlangoni, na mkwe wangu akaja na maji ya sabuni hata gari halijawashwa.

Mwanangu akaniambia, "Umeniaibisha, Mama."

"Mbele ya nani?" nikamuuliza. Akaenda chumba cha uani, na safari hii alirudi nayo mkononi.

Sikukubali ifike kwa mgonjwa na uchafu ule. Jalada nililipangusa mwenyewe kwa kitambaa cha siki, nimelishika kwa ncha za vidole viwili. Kisha nikaishonea mfuko wa bafta nyeupe, nikaulaza mfuko kwenye sanduku langu la nguo za kutokea, ninazozifukiza udi, ndipo ikafungwa ikaenda.

Ilichukua muda. Siku moja simu ikalia, na mwanangu akaniita mbio. Yule mzee karudishwa nyumbani. Yuko kitandani, uso umepungua, mguu mmoja haupo. Wajukuu wamejazana juu ya godoro. Santuri kaipakata kifuani na kidole chake kiko juu ya ile karatasi ya katikati, juu ya jina, anawaonyesha mmoja mmoja, na hakuna aliyekuwa akicheka. Mashine ya kuipigia kweli hana. Hakuiulizia. Aliuinua mfuko wa bafta akaunusa, akasema kitu.

"Anauliza hii harufu nzuri ya nini," mwanangu akasema.

Mimi nilikuwa nimeona kitu kinatembea kwenye shuka, nyuma ya bega la mgonjwa, kinakuja na miguu yake yote iliyotoka jaani.

"Mwambie ni udi," nikasema. "Na mwambie amshushe yule kuku kabla hajaikanyaga."