Dashibodi ya Mkaguzi

Mkaguzi wa shule alilipenda gari lake kuliko alivyowapenda shemeji zake, na hakulificha hilo. Kila Jumamosi aliipaka dashibodi mafuta ya kupikia hadi ikameremeta kama kipara kilichotoka kwa kinyozi. Mkewe akithubutu kuweka mkoba pale juu, yeye humkemea, "Mama watoto, hapo si kabatini!"

Asubuhi moja alipokuwa akilitoa gari nyumbani, jua liliipiga dashibodi, mng'ao ukarukia kioo cha mbele, naye akaona weupe mtupu. Akaligonga geti lake mwenyewe, majirani wakimtazama.

Fundi aliyeitwa kulitengeneza gari alipitisha kidole kwenye dashibodi, kikatoka cheusi kwa vumbi. "Mzee, hii ni plastiki, si samaki wa kukaanga. Mafuta yananasa vumbi na kukutia upofu juani. Futa kwa kitambaa chenye unyevu na sabuni kidogo, kisha uegeshe kivulini."

"Nilijua," alijibu Mkaguzi, mtu asiyewahi kukosea tangu azaliwe. "Nilikuwa nalipima geti." Mkewe alicheka mpaka akakaa chini.

Jumatatu, kwenye maegesho ya ofisi, Mkaguzi aliwahutubia wenzake kwamba ni wajinga tu wanaopaka dashibodi mafuta.