Kamba ya Kuvutia Kifaru

Tangu fundi saa aanze kuunda kifaru cha vita cha plastiki, kisichozidi kiatu kwa ukubwa, mkewe hana imani naye. Kwanza kibano chake cha nyusi kilitoweka. Kisha mume akaanza kunukia rangi ya kucha. Kila jioni huyo ameinama mezani, ulimi nje, anapachika pingili za mnyororo ndogo kama punje za mchele, na akisemeshwa anaguna tu. Leo mke akavaa miwani, akachungulia. Ubavuni mwa kifaru imelazwa kamba ya kuvutia, imesukwa kwa nywele ndefu nyeusi.

"Nywele za nani hizi?"

Kibano kikasita hewani. "Zako, mama watoto."

Mke akajipapasa kichwa. Tangu aolewe ananyoa. Hata kitana hana.