Bibi, Dawa na Ijumaa za Kwaresima

Leo kliniki bibi yangu amegombana na nesi, mimi nikiwa katikati.

Bibi anatumia dawa za VVU wala hafichi. Ameniruhusu niandike.

Nesi alimwuliza kama kuna siku hamezi dawa.
"Ijumaa tu. Kwaresima nafunga, na ninyi mlisema nimeze baada ya chai."

Nilishtuka. Tunaishi nyumba moja hapa Kansay na sikujua! Ukiruka dawa, virusi vinapata nguvu tena.

"Bibi," nesi akasema kwa upole, "mgonjwa halazimiki kufunga."

Hapo alikosea.

"Mgonjwa nani? Mimi niliyepalilia maharage jana? Mjukuu, mwambie huyu binti!"

Mimi huyu, ambaye hata darasani sinyooshi mkono, nikasema, "Bibi, dawa ndizo zimekupa nguvu ya kupalilia."

Bibi akamgeukia nesi.

Nesi akaeleza kwamba dawa zake zinamezwa hata bila chakula, kwa maji tu.

"Maji hayavunji mfungo," bibi akasema. "Si mngesema mapema?"

Kwenu, anayefunga anamezaje dawa zake? Muulizeni leo, mniambie.

Keshokutwa ni Ijumaa. Kikombe cha maji nitampelekea mwenyewe, nikae naye mpaka ameze.