Kabla ya Kung'oa Magimbi

Nakumbuka siku moja, mwanangu, maji ya mto yalikuwa yameshuka nasi tumerudi kijijini kwetu Wema kutazama kilichobaki. Nilikuwa mke mgeni, nina mimba ya mama yako, na mpunga wetu wote ulikuwa umesombwa. Magimbi ya mama mkwe, yale ambayo jani lake moja lilimtosha mtoto kujikinga mvua, yalikuwa yamelala kwenye tope, meusi, yananuka. Hatukuwa na mbegu nyingine ya magimbi. Nilikaa chini nikalia, wala sikuona haya.

Babu yako hakulia, alichukua jembe. Kwetu mahindi hupandwa tope likiwa bado bichi, ukichelewa linakauka na kupasuka. Alitaka kuyang'oa magimbi yote apande mahindi siku ileile. Mimi, nikuambie kweli, nilikuwa upande wake.

"Weka jembe chini," mama mkwe akamwambia. "Umeangalia majani tu. Huko chini umefika?"

Akapiga magoti, akachimba kwa vidole mpaka kwenye kiazi. Akakibonyeza, akakata kipande. Ndani kulikuwa kweupe. Bado hakuridhika, maana yule mama alikuwa haamini macho yake mwenyewe. Akanishika mkono, akanisugua kile kipande karibu na kiganja.

"Ngoja," akasema. "Kikiwa kizima kitakuwasha. Kikiwa kimeoza hutasikia kitu."

Tukangoja. Kisha nikaanza kujikuna. Nikajikuna mpaka mkono ukawa mwekundu, mama mkwe akicheka, na babu yako, ambaye hakuwa mtu wa kucheka hovyo, akaegemea jembe akacheka naye. Moyo wangu ulitua. Sijawahi kufurahia kuwashwa ila siku hiyo.

Mahindi tuliyapanda kandokando. Hayakutoa kitu cha maana, jua lilikuwa kali mwaka ule. Magimbi yakachipua, na mama yako alipoanza kukaa mwenyewe tulikuwa tunayachemsha.

Sasa wewe umepanda magimbi ya mapambo mbele ya nyumba yako hapo Garsen, na jana umenipigia simu kwamba jua limeyababua na unataka kuyatupa. Usiyatupe, mwanangu. Chimba kwanza, ubonyeze. Kiazi kikiwa laini na kinanuka, tupa bila kujuta. Kikiwa kigumu, kata majani yaliyoungua, uyahamishie nyuma ya bafu ambako jua la mchana halifiki na udongo haukauki. Halafu uyaache. Wewe una mkono wa kushikashika vitu.

Na ukitaka kukata tamaa na jambo lolote, hata na mtu, lifikie kwanza huko chini kwa mkono wako. Magimbi yale ndiyo yaliyomlea mama yako, naye akakuzaa wewe.

Mungu akupe kivuli mlangoni, akupe na utulivu wa kungoja majani mapya.