Nilivyolinda Maziwa ya Timau Hadi Yakaganda

Kosa ni langu, na nililitenda kwa uadilifu kamili. Sikuwa nimelewa, wala sikuhongwa. Nilikuwa nalinda mali ya umma.

Naishi mtaa wa Dallas, mjini Embu. Kazi yangu ni kutunza kompyuta ya chama cha wafugaji kule Timau, upande wa pili wa mlima. Inatumia mfumo wa Linux, na ndiyo inayoendesha tangi la kupozea maziwa. Mimi huingia humo kwa mtandao, nikiwa nyumbani.

Nilipoajiriwa nilikuta mtu yeyote mwenye neno la siri anaweza kuingia kutoka popote duniani. Mwenda, aliyenitangulia, alikuwa bado nalo. Alikwisha kuacha kazi, lakini kila tangi liliposumbua aliingia akalirekebisha bila malipo. Jambo hilo lilinikera. Mali ya wakulima itegemee wema wa mtu?

Nikaiamuru kompyuta ikatae wote, ipokee anwani moja tu ya mtandao: ya nyumbani kwangu. Ufunguo wa sanduku la chuma ilimokaa nikauchukua pia. Jumapili hiyo niliimba kanisani kwa sauti ya mtu aliyetimiza wajibu.

Kisha stima ikapotea, Embu na Timau pia. Iliporudi, kampuni ya intaneti ilikuwa imenipa anwani nyingine. Hufanya hivyo mara nyingi. Chuoni nilijibu swali kuhusu jambo hilo katika mtihani, nikapata alama zote.

Nilijaribu kuingia. Nikakataliwa, kwa amri yangu mwenyewe.

Simu ikalia. Alikuwa Kanana, mama anayepokea maziwa pale Timau.

"Kijana wa kompyuta, stima imerudi lakini tangi limekataa kuwaka. Maziwa yanapata joto."

"Nashughulikia, mama. Imenikataa hata mimi, kwa hiyo ujue kompyuta iko salama."

"Salama ya nani? Si hata wewe umeshindwa kuingia?"

Nikameza kiburi, nikampigia Mwenda, ambaye sasa yuko Meru mjini.

"Kanana alinipigia mapema," akasema. "Nimejaribu, ikanifukuza kama mkora. Si ulinifungia, chief?" Akacheka, kisha akauliza, "Na ile anwani yako ya zamani, iko na nani saa hii?"

Katika dunia nzima, aliyeruhusiwa kugonga mlango wa tangi la Timau alikuwa mteja fulani nisiyemjua, ambaye pengine alikuwa akitazama mpira.

Nilifunga safari na ufunguo mfukoni, nikiuzunguka mlima. Nilipofika, wafugaji walikuwa wanawapelekea nguruwe maziwa yao. Hakuna aliyenigombeza. Laiti wangenigombeza!

Kanana alinijazia kikombe cha maziwa yaliyoganda.

"Kunywa, mwanangu. Haya hayajaguswa na mwizi."

Nilikunywa chote.

Nawe unayefunga milango kwa ajili ya haki, usijifungie ndani ya imani yako. Kabla ya kuondoka, simama nje ujaribu kuingia. Na ufunguo wa pili mwachie anayekaa karibu na maziwa.